Gari limegoma baada ya kubadilisha pampu ya mafuta: kusaka hitilafu ya umeme hatua kwa hatua

Pampu mpya imeshaingia tangini, kiti cha nyuma kimerudi mahali pake, unazungusha ufunguo: stata inazungusha injini vizuri tu, gari haliwaki. Au linawaka na kuzima hapohapo. Au linatembea, lakini geji ya mafuta imelala kwenye E wakati umetoka kuweka lita 20. Hapo wengi hukimbilia dukani kudai wameuziwa pampu feki. Pampu feki zipo, tena nyingi, ila gari lililoingia gereji na ugonjwa mmoja likatoka na mwingine, cha kwanza kushukiwa ni pale mkono ulipopita mwisho: soketi, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari), waya uliobanwa, pini iliyorudi nyuma.

Mfano unaotumika hapa ni Toyota Corolla za AE100 na AE110 zenye injini ya 5A-FE, pamoja na AE101 na AE111 zenye 4A-FE, zile za miaka ya 1990. Bado zinatembea kwa wingi Afrika Mashariki, na umeme wake unafuatika kwa mita na taa bila mashine ya kupimia. Nissan na Honda za umri huo zinakwenda kwa mantiki ileile. Penye tofauti kubwa imetajwa.

Umeme unapitaje kufika kwenye pampu

Moto, yaani umeme wa chanya, unatoka betri, unapita fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta) ya ampea 15 iliyo kwenye boksi la fyuzi ndani ya boneti, kisha relei kuu ya EFI, swichi inayovutwa na umeme, ambayo hufunga, yaani huunganisha njia, ufunguo ukiwa ON. Hapo unagawanyika. Njia moja inalisha kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Njia ya pili inakwenda kwenye relei ya pampu, iliyojificha chini ya dashibodi. Relei hiyo ikifunga, waya mmoja unapita pembeni mwa sakafu, chini ya kapeti, hadi chini ya kiti cha nyuma. Moto unaingia pampu na kurudi kwa waya wa ethi uliofungwa kwa bolti kwenye bodi.

Relei ya pampu ya Toyota hizi ina koili mbili (waya zilizosokotwa zinazoivuta relei ifunge), na ukilijua hilo nusu ya kazi imekwisha. Koili ya kwanza inavutwa na moto wa stata, yaani ufunguo ukiwa START tu. Koili ya pili inavutwa na kompyuta kupitia waya wa FC, na kompyuta haifanyi hivyo mpaka ipate ishara kutoka distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) kwamba injini inazunguka. Ishara ikikatika, pampu inazimwa ndani ya kama sekunde mbili. Ni kinga: gari likipata ajali injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli.

Ndiyo maana Toyota hizi ukiweka ufunguo ON husikii pampu. Ni kawaida yake. Honda na Nissan nyingi hupiga pampu sekunde chache ufunguo ukifika ON kisha zinanyamaza, na fundi aliyezoea hizo anaweza kuhukumu Corolla isiyo na ubovu wowote kwa sababu hajasikia mlio. Usikilize wakati stata inazunguka.

Na ndiyo maana gari linalowaka ufunguo ukiwa START kisha linazima mara tu unapouachia, linakuwa limekwambia lenyewe kwamba pampu ni nzima, waya wa nyuma ni mzima na fyuzi ni nzima. Tatizo liko kwenye koili ya pili, waya wa FC, au swichi ya ufunguo. Usifungue tangi tena.

Vifaa vya kuwa navyo

Mita ya kawaida yenye kipimo cha ampea 10. Globu kuukuu ya taa ya mbele, H4 ya wati 55/60, ambayo nyuzi ya dimu (ile ya wati 55) bado inawaka, imeunganishwa waya mbili za mita 3 kila mmoja. Waya wa milimita za mraba 1.5, urefu wa mita moja, wenye kishikio cha fyuzi ya ampea 15 katikati. Waya mwingine wa mita 5 hivi wa kurefushia ncha ya mita. Fyuzi za akiba za ampea 15, tatu au nne. Sindano mbili za kushonea. Msasa namba 400, brashi ndogo ya waya, dawa ya kusafishia soketi.

Kwa nini globu ya taa ya mbele wakati kila gereji ina testa? Kwa sababu testa ya taa ndogo au ya LED inakudanganya. Inahitaji umeme kiduchu, kwa hiyo inawaka vizuri hata kwenye waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba. Pampu ya EFI inavuta ampea 3 hadi 6. Chukua soketi yenye kutu ambayo ukinzani wake ni omu 1 tu: testa ikiguswa hapo itang'aa, mita itaonyesha volti 12.4, nawe utasema moto upo. Pampu ikianza kuvuta ampea 4, volti 4 zinaishia kwenye ile kutu na pampu inabaki na volti 8. Inazunguka kivivu au haizunguki. Globu ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6, yaani mzigo unaofanana na pampu yenyewe. Ikiwaka kwa mwanga mweupe wa kawaida, njia ni safi. Ikiwa nyekundu kama kaa la moto, njia ina ugonjwa.

Globu hiyo inapata joto kali sana, ndiyo sababu ya waya za mita 3. Globu ilale nje ya gari, juu ya sakafu au tofali, kamwe isikae karibu na tundu la tangi.

Kabla ya kugusa waya

Mlango wa gari uwe wazi, pawe na hewa, sigara na jiko vikae mbali, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe hatua mbili kutoka ulipo. Vipimo vyote vya umeme vifanyike bamba la pampu (kifuniko cha juu ya tangi kinachoishikilia pampu) likiwa limefungwa kwa skrubu zake zote na gasketi yake. Ukitaka kulifungua tangi, tanguliza kutoa waya wa hasi wa betri, na uurudishe ukishalifunga. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya kiti, na cheche ya soketi inatosha kuuwasha.

Kuipima pampu nje ya tangi kwa kuigusisha betri ni tabia ya kuachwa. Pampu hupozwa na kulainishwa na petroli inayopita ndani yake. Ikizunguka kavu inajila, na broshi zake zinatoa cheche palepale ulipo mvuke.

Hatua ya 1: uliza gari maswali manne

Weka ufunguo ON. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka? Kama haiwaki, kompyuta haina moto. Rudi kwenye fyuzi ya EFI na relei kuu kabla ya kufikiria pampu. Kwenye Corolla hizi kompyuta na pampu vinakula kwenye fyuzi moja, kwa hiyo waya wa pampu ukipiga shoti kule nyuma, taa ya injini inakufa huku mbele.

Zungusha stata. Plagi zinatoa cheche? Kama hakuna cheche wala pampu, shuku ishara ya distribyuta, kwa kuwa ndiyo inayoamsha vyote viwili. Kubadilisha pampu hakukuharibu distribyuta, lakini inawezekana hata pampu ya zamani haikuwa mbovu.

Mlio unasikika nyuma stata ikizunguka? Mtu mmoja azungushe, mwingine aweke sikio kwenye mdomo wa tangi, kifuniko kikiwa kimefunguliwa.

Gari lina alamu, traki (kifaa cha kufuatilia gari) au swichi ya siri? Swali hili linastahili sehemu yake, linakuja mbele.

Hatua ya 2: fyuzi

Usiiangalie kwa macho tu. Fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana, au miguu yake imelegea kwenye boksi. Ufunguo ukiwa ON, gusa vile vichuma viwili vidogo vya juu ya fyuzi kwa ncha ya mita, ncha nyingine ikiwa kwenye hasi ya betri. Pande zote mbili zionyeshe volti sawa na betri.

Ikiwa imeungua, weka mpya ya ampea 15 mara moja tu. Ikiungua tena, usipandishe hadi 20 wala usifunge waya. Fyuzi ya 30 kwenye waya uliotengenezwa kwa 15 inageuza waya wenyewe kuwa fyuzi, chini ya kapeti, karibu na tangi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya fyuzi inayoungua.

Hatua ya 3: kisanduku cha DIAGNOSIS

Ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko kuna ramani ya matundu. Tafuta mawili: +B na FP. +B ni moto unaotoka relei kuu ya EFI. FP ni waya unaokwenda moja kwa moja kwenye pampu. Ukiviunganisha, unairuka relei ya pampu na kompyuta kwa pamoja.

Soma ramani mara mbili. Kuna matundu mengine pale, na kuunganisha yasiyohusika kunaweza kuunguza kitu ghali.

Ufunguo ON, injini imezimwa. Pima kwanza +B: lazima iwe na volti za betri. Kisha hamisha mita kwenye kipimo cha ampea 10, hamisha na waya mwekundu kwenye tundu lake la 10A, ingiza ncha moja +B na nyingine FP. Mita yenyewe inakuwa daraja, na unasoma ampea za pampu moja kwa moja. Usizidishe nusu dakika, mita nyingi za bei ya kawaida hazivumilii zaidi. Ukishamaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti, maana anayesahau anaunguza fyuzi ya mita kwenye kipimo kinachofuata.

Ukisoma ampea 3 hadi 6 na pampu inavuma kwa sauti tulivu, mambo ni mazuri kuanzia hapo hadi tangini. Kama gari bado haliwaki, hitilafu iko kwenye relei ya pampu, koili zake, waya wa FC au kifaa cha kuzuia wizi. Zaidi ya ampea 8, pampu imekwama, filta imeziba au pampu ni mbovu kweli. Chini ya 2 huku pampu ikilia kwa sauti nyembamba ya juu, inazunguka bila kusukuma kitu: tangi tupu, au mpira umechomoka ndani. Chini ya 2 na pampu inajikokota, kuna ukinzani njiani. Sifuri kabisa, waya umekatika, soketi haijashika au ethi haipo.

Kama gari lako halina kisanduku hiki, kazi ileile hufanyika kwenye soketi ya relei ya pampu: chomoa relei, unganisha kwa waya wenye fyuzi yale matundu mawili ya njia kuu, lenye moto na linalokwenda kwenye pampu. Hakikisha kwa mita kwanza, usikisie kwa rangi ya waya, kwani rangi zinatofautiana hata kwa Corolla mbili za mwaka mmoja.

Hatua ya 4: soketi ya tangi, mahali makosa mengi yanapoishi

Inua kiti cha nyuma, toa kifuniko cha chuma sakafuni, chomoa soketi ya pampu. Waya mbili nene ni za pampu. Nyembamba ni za geji.

Acha daraja la +B na FP likiwa limeunganishwa kwa ule waya wenye fyuzi, ufunguo ON. Unganisha globu, iliyoko nje ya gari, kwenye pini mbili nene za upande wa bodi. Zima ufunguo kwanza, unganisha, kisha washa ufunguo, ili cheche isitokee hapo chini ya kiti.

Globu ikiwaka nyeupe, bodi imetimiza wajibu wake. Ugonjwa uko kwenye kushikana kwa soketi au ndani ya tangi. Ikiwaka hafifu au isipowaka, hamisha mguu wa ethi wa globu kutoka kwenye pini hadi kwenye chuma safi cha bodi, mfano bolti ya mkanda wa kiti iliyokwanguliwa. Ikiwaka vizuri sasa, ethi ndiyo mbovu. Isipobadilika, waya wa moto ndio mbovu.

Sasa itazame soketi yenyewe, kwa tochi, karibu. Plastiki iliyogeuka kahawia pembeni mwa pini moja inaonyesha pini hiyo imekuwa ikipata joto. Pampu ya zamani ilipochoka ilivuta umeme mwingi kwa miezi, pini ya kike ikapata moto, ikapoteza ugumu wake na kupanuka. Pampu mpya imefungwa, pini ya kiume imeingia humo kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba: imo, lakini haishiki. Tafuta pini ya kiume ya ukubwa uleule kutoka soketi iliyotupwa, iingize peke yake kwenye kila tundu na uivute. Lazima usikie inang'ang'ania kidogo. Inayoteleza kama imetiwa mafuta, ndiyo mgonjwa. Unaweza kuibana kwa ncha ya sindano ikashika, lakini shaba iliyoungua ikawa nyeusi haitarudi; kata kipande hicho, weka soketi nyingine yenye waya zake.

Kosa la pili la hapa ni pini iliyorudi nyuma. Wakati wa kuchomeka, pini ambayo kijino chake kimechoka inasukumwa nyuma badala ya kuingiana na mwenzake. Soketi inabana kwa sauti ya "taki", kila kitu kinaonekana sawa. Itazame usoni: pini zote ziwe kina kimoja.

Hatua ya 5: ethi

Fuata waya wa ethi kutoka soketi hadi bolti yake kwenye bodi. Magari ya Tanga, Mombasa, Zanzibar na pwani yote kwa ujumla, bolti hii huwa na kutu ya kijani au ya hudhurungi. Ifungue, kwangua chuma hadi king'ae, piga msasa na kichwa cha waya pande zote mbili, funga kwa nguvu, kisha pakaa grisi juu ili maji yasiingie. Grisi baada ya kukaza, siyo kabla.

Jaribio la haraka: pampu ikiwa inazunguka, unganisha waya kutoka bodi safi hadi kwenye pini ya ethi kwa nyuma ya soketi. Mlio ukipanda ghafla, jibu umepata.

Hatua ya 6: pima volti zinazopotea njiani

Hiki ndicho kipimo ambacho gereji nyingi hukiruka, na ndicho kinachomaliza ubishi. Soketi iwe imechomekwa na pampu inafanya kazi. Chomeka sindano nyuma ya soketi, kando ya waya, hadi iguse pini. Mita kwenye volti za DC 20.

Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, ikirefushwa na ule waya wa mita 5. Ncha nyeusi kwenye sindano ya waya wa moto. Namba unayoiona ni volti zilizopotea njiani. Hadi 0.5 ni sawa. Kisha ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye sindano ya ethi: hadi 0.3 ni sawa. Upande wa moto ukipoteza volti 2, usianze kuvua kapeti. Hamisha ncha nyeusi hadi FP kule mbele. Ikisoma 1.8, karibu hasara yote iko kabla ya FP, yaani miguu ya fyuzi au relei kuu. Ikisoma 0.2, hasara iko kati ya FP na tangi. Gawanya njia nusu kwa nusu namna hiyo mpaka upabane. Kwa kuwa daraja limeiruka relei ya pampu, ukimaliza litoe na urudie kipimo injini ikiwa inafanya kazi. Hasara ikiongezeka, vidole vya relei hiyo, yaani vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, vimeungua. Kumbuka relei inaweza kulia "taki" na bado isipitishe umeme wa kutosha, kwa kuwa mlio ni wa koili na siyo wa vidole.

Waya ukilazimika kubadilishwa, tumia wa milimita za mraba 2.5. Waya mwembamba wa spika, wa 0.5, kwa mita 5 na ampea 6 unapoteza karibu volti 1 peke yake.

Pampu inalia lakini presha hakuna

Pampu hizi zina mota ya DC yenye sumaku za kudumu. Ukigeuza moto na ethi, inazunguka kinyumenyume na inalia vizuri tu, lakini haisukumi mafuta. Hutokea zaidi pampu ya duka isiyo na soketi inayolingana, fundi akakata waya na kuunga kwa kukisia. Juu ya pampu, karibu na kila pini, kuna alama ya + na − iliyochorwa kwenye plastiki au chuma. Pini + ndiyo iende FP. Hakikisha kwa mita, upande wa omu, kutoka pini ya juu ya bamba hadi pini ya pampu.

Kama mwelekeo ni sahihi, tazama mpira mfupi unaotoka pampu hadi bomba la bamba. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kwa petroli ipite ndani. Ukizamishwa, nje yake inavimba, unalainika na kuchomoka. Wa kuzama tangini huwa umeandikwa 30R10. Presha sahihi ya injini hizi, mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umetolewa, ni kati ya psi 38 na 44.

Miungo ya ndani ya tangi ina sheria zake. Tepu nyeusi ya umeme haifai: gundi yake inayeyuka kwenye petroli, tepu inafunguka, na vipande vinakwenda kuziba chujio la pampu. Waya wa nyumbani unakakamaa na kupasuka ngozi. Tumia waya uliokuja na pampu, ubane kwa koleo la kubania vichwa vya waya, na upange waya zisiguse mkono wa boya la geji.

Fyuzi inaungua kila ukiweka

Chomoa soketi ya pampu. Toa fyuzi ya EFI, weka globu ya H4 mahali pake kwa waya zake mbili. Ufunguo ON. Globu sasa ndiyo kizuizi: hata kukiwa na shoti, zaidi ya ampea 5 hivi hazipiti.

Haiwaki au inafifia mno: hakuna shoti kabla ya relei ya pampu, kinachoonekana ni ulaji mdogo wa kompyuta. Weka daraja la +B na FP uone. Ikiwaka kwa nguvu baada ya daraja, waya wa kwenda nyuma unagusa bodi. Tikisa waya chini ya kiti huku mwenzako akitazama globu. Itakapozima, umeshika penyewe. Mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya miguu ya kiti na chini ya kifuniko cha chuma cha sakafuni. Skrubu za kifuniko hicho hupenda kutoboa waya uliorudishwa bila kupangwa kwenye mfereji wake.

Kama waya za bodi ni salama, shoti iko kwenye pampu au ndani ya tangi. Pampu yenyewe hupimwa omu 0.2 hadi 3 ikiwa baridi, kwa hiyo omu chache kati ya pini zake mbili si shoti. Kinachotakiwa ni kati ya pini + na chuma cha bamba: hapo isisome kitu.

Alamu, traki na swichi ya siri

Magari mengi ya kwetu yana kifaa cha kuzuia wizi kilichofungwa baada ya gari kufika, na waya unaopendwa kukatwa ni huu wa pampu. Ulipotoa betri ili ufunge pampu kwa usalama, ukairudisha, alamu nyingi huamka zikiwa zimejifunga zenyewe. Pampu nzima, fyuzi nzima, gari kimya. Bonyeza rimoti ifungue kabla ya lolote.

Ikiendelea kugoma, tafuta relei ya ziada chini ya dashibodi, mara nyingi upande wa usukani au nyuma ya droo, imefungwa tepu na waya za rangi isiyofanana na za gari. Huwa na miguu iliyoandikwa 30, 85, 86, 87 na 87a. Njia ya pampu kwa kawaida hupita 30 kwenda 87a, ambayo hufunga relei ikiwa imelala. Pima volti kwenye 30, kisha 87a, kwa mzigo wa globu. Moto unaingia haujatoka: relei imeungua au kifaa kinaishikilia. Pampu mpya yenye nguvu inaweza kumalizia relei hafifu iliyokuwa inavumilia ile ya zamani. Miungo ya kuzungusha kwa vidole na tepu ndiyo huanza kulegea. Ilehemu kwa risasi, uivishe mpira unaosinyaa kwa joto.

Kwenye Land Rover Discovery na Freelander, kabla ya yote haya tafuta swichi ya mshtuko inayokata mafuta na bonyeza kitufe chake cha juu. Gari likigongwa kidogo gereji wakati wa kushusha tangi, hujifungua.

Honda za miaka ya 1990

Relei kuu ya Honda hizi ni maarufu kwa risasi ya kwenye bodi yake ndogo ya saketi kupasuka. Asubuhi gari linawaka, mchana likiegeshwa juani haliwaki hadi lipoe. Ukibadilisha pampu jioni, linawaka, unadhani umetibu. Fungua kasha la relei, tazama miguu kwa kioo cha kukuzia: duara jembamba jeusi kuzunguka mguu ndio ufa. Yeyusha risasi upya.

Geji inadanganya

Kwenye Corolla hizi boya la tangi hutoa omu 110 hivi likiwa chini na omu 3 hivi likiwa juu. Kwa hiyo waya ukikatika au soketi isiposhika, mshale unalala E. Waya ukigusa bodi, mshale unapanda F na kubaki huko. Chomoa soketi: ukipanda F hata ikiwa imechomolewa, shoti iko upande wa bodi. Ukishuka E, tazama ndani ya tangi. Mshale unaokwama katikati kila safari mara nyingi ni mkono wa boya unaogonga waya mpya wa pampu au ukuta wa tangi kwa sababu bamba limegeuzwa nyuzi kadhaa. Alama ya mshale kwenye bamba irudi ilipokuwa.

Sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikitulia vibaya dakika chache za kwanza baada ya kurudisha betri, iache. Kompyuta imepoteza kumbukumbu zake na inajifunza upya. Ikizidi safari mbili tatu, tafuta mpira wa vakyumu ulioachwa wazi.